Sheria ya Warumi: Isomwe, Isisujudiwe

Wako watu, na baadhi yao ni wenye elimu kubwa, wasemao kwamba wakati umefika wa kuiondoa sheria ya Warumi katika vyuo vya sheria. Hoja yao haikosi nguvu. Dola ya Roma ilikwisha zamani. Kilatini hakisemwi sokoni wala barazani. Mwanafunzi wa sheria wa leo ana mzigo mzito wa kampuni na kodi, ardhi na kazi, mikataba ya mataifa na haki za binadamu. Je, yafaa atumie miezi mizima akisoma jinsi Mrumi alivyomwazima mwenziwe farasi miaka elfu mbili iliyopita?

Wako na wengine wasemao kinyume. Hao hudai kwamba asiyeisoma sheria ya Warumi si mwanasheria bali ni karani wa sheria tu. Na kwamba akili yote ya haki ilizaliwa kando ya mto Tiber, sisi wengine tukaipokea kama maskini apokeavyo sadaka.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimepotoka. Somo hili lisifutwe, wala lisifanywe ibada. Tena jambo lenyewe si ugomvi wa maprofesa peke yao. Wanafunzi hao ndio watakaoketi kesho katika viti vya mahakimu, na mwananchi aliyedhulumiwa shamba au mshahara wake ndiye atakayesimama mbele yao. Namna walivyofundishwa kufikiri itamgusa.

Yafaa kwanza tukumbushane ni kitu gani kinachobishaniwa. Sheria ya Warumi imetufikia hasa kwa kazi iliyoamriwa na Kaisari Justinian, aliyetawala katika Konstantinopoli toka mwaka 527 hata mwaka 565. Waziri wake Tribonian na wenziwe walipitia maandishi ya wajuzi wa sheria wa karne nyingi zilizotangulia, wakakata, wakapanga, wakapatanisha, na mwezi Desemba mwaka 533 kikatangazwa kitabu kiitwacho Digesta, chenye sehemu 50. Mwaka huo huo kilitolewa kitabu kidogo, Institutiones, kwa ajili ya wanafunzi waanzao. Na mwaka 534 mkusanyo wa amri za makaisari, uitwao Codex, ukatolewa kwa mara ya pili. Kaisari akapanga hata masomo ya miaka mitano kwa shule za Konstantinopoli, Roma na Beirut. Basi sheria hii tangu hapo ilikuwa ya darasani kama ilivyokuwa ya mahakamani.

Wajuzi wale, akina Gaius, Paulus na Ulpianus, hawakupenda maneno makubwa yasiyoshikika. Aghalabu walichukua kisa kimoja kidogo, wakakigeuzageuza kama fundi seremala ageuzavyo ubao mkononi kutafuta fundo lake. Mtu akiwekewa amana bure, na mali ile ikapotea, alipe au asilipe? Wakajibu kwa kuuliza swali jingine: ni nani aliyekuwa akifaidika? Aliyeweka mali ya mwenziwe kwa hisani, pasipo faida yoyote, hatozwi ila kwa hila na hiana. Lakini aliyeazima kitu kwa manufaa yake mwenyewe yampasa akitunze kwa uangalifu mkubwa kabisa.

Je, hayo yatuhusu nini sisi? Methali yetu yasema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika karne ya 13 Mwingereza aitwaye Bracton aliyachukua mafundisho hayo akayaingiza katika kitabu chake juu ya sheria za nchi yake. Mwaka 1703 ikafika mbele ya Jaji Mkuu Holt kesi ya mtu aliyejitolea bure kuhamisha mapipa ya brandi kutoka ghala moja hata jingine katika mji wa London. Kwa uzembe pipa likapasuka na kinywaji kikamwagika. Holt, akiamua kesi hiyo, alizigawanya namna za kushika mali ya mwenzio kwa kutumia majina yale yale ya Kirumi. Baadaye Waingereza waliitungia India Sheria ya Mikataba ya mwaka 1872, yenye sura nzima juu ya jambo hilo. Sheria hiyo ya India ikaletwa Tanganyika, na Sheria ya Mikataba ya Tanganyika ya mwaka 1961 ikafuata nyayo zake. Hivyo mtu wa Dar es Salaam aliyemwachia jirani mzigo wake, naye jirani akaupoteza, anapokwenda kudai hugusa kamba ndefu ambayo ncha yake moja iko Roma.

Lakini angalieni vema. Kamba hiyo haikufika kama ilivyoanza. Sheria ya India haikukubali madaraja yale ya Holt. Iliweka kipimo kimoja kwa kila mwenye kushika mali ya mwenziwe, yaani uangalifu wa mtu wa kawaida mwenye busara. Waliorithi hawakufungwa na walichorithi. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hujifunza katika somo hili, na halimo katika kitabu chochote cha sheria ya mwaka mmoja tu.

Njia ya pili ilipita Ulaya bara. Katika mji wa Bologna, mwisho wa karne ya 11 na mwanzo wa karne ya 12, mwalimu Irnerius na waliomfuata waliisoma Digesta neno kwa neno, na wanafunzi wakaja toka pande nyingi za Ulaya kuwasikiliza. Walirudi kwao wakawa mahakimu na washauri wa wafalme. Kutokana na mbegu hiyo yalimea mambo mengi yaliyomo katika mkusanyo wa sheria wa Ufaransa wa mwaka 1804, uliofuatwa pia Ubelgiji. Ubelgiji nayo ndiyo iliyoacha alama yake katika sheria za Kongo, ambako amri ya tarehe 30 Julai 1888 iliweka kanuni za mikataba na za fidia. Mtu wa Lubumbashi au Bukavu anayedai fidia kwa aliyemharibia mali kwa uzembe hutegemea kanuni ambazo mizizi yake yapitia Brussels na Paris hata kufika Roma.

Wala hatusahau ni nani aliyekuwa mwenye Kongo mwaka 1888. Alikuwa Mfalme Leopold wa Pili. Karatasi zilitangaza kwamba mkataba ni mapatano ya watu walio huru. Na katika miaka iliyofuata watu wa nchi hiyo hiyo wakalazimishwa kwa viboko na kwa bunduki kuvuna mpira msituni. Kanuni nzuri iliyoandikwa haimwokoi mtu ambaye hakuhesabiwa kuwa miongoni mwa wale iliyowahusu.

Tumefika sasa kwenye kiini cha maneno yetu. Kiko kisa kimoja katika Digesta ambacho wanafunzi wengi husomeshwa. Watu walikuwa wakicheza mpira. Mmoja akaupiga kwa nguvu, ukamgonga kinyozi mkononi wakati alipokuwa akimnyoa mtumwa. Wembe ukamkata mtumwa yule koo. Nani mwenye kosa? Proculus alisema ni kinyozi. Ulpianus akaongeza kwamba, kama kinyozi alikuwa akinyoa mahali ambapo watu wamezoea kucheza au ambapo wapita njia ni wengi, basi kweli ana jambo la kulaumiwa. Walakini akaona si vibaya pia kusema kwamba mtu ajikabidhiye kwa kinyozi aliyeweka kiti chake mahali pa hatari na ajilaumu mwenyewe.

Hapa pana chuo kizima cha kufikiri. Badili wembe uweke cheche za fundi achomeaye vyuma kando ya barabara, na badili mpira uweke pikipiki iendayo kasi. Swali ni lile lile hata leo. Hakuna kifungu cha bunge kitakachomwambia hakimu mapema jinsi ya kuigawa lawama kati ya watatu. Itampasa apime. Na kupima hakufundishwi kwa kukariri vifungu, bali kwa kukaa na kisa kama hiki, kukibadili kidogo, na kuona mizani ikienda upande mwingine.

Lakini kisomeni mara ya pili. Aliyekatwa koo ni mtumwa. Je, aliyefungua madai ni nani? Si mkewe, wala mwanawe, wala ndugu zake. Ni bwana wake, aliyepotelewa na mali. Sheria iliyotumika, iitwayo Lex Aquilia, ilimtaja mtumwa pamoja na mnyama wa kufugwa mwenye miguu minne katika sehemu moja, na fidia ikawa ile thamani yake ya juu kabisa katika mwaka huo. Tena yule mtumwa ambaye sheria haikumpa haki ya kudai, ndiye huyo huyo aliyeweza kulaumiwa kwa kuchagua kiti kibaya cha kunyolewa! Alipodai hakuwa mtu. Alipolaumiwa akawa mtu.

Na wajuzi wale hawakuwa vipofu. Katika kitabu kile kile kilichotolewa kwa wanafunzi mwaka 533 imeelezwa kwamba utumwa wapingana na maumbile, na kwamba kwa asili watu wote walizaliwa huru. Waliyajua hayo, wakayaandika, kisha wakaendelea kupanga bei. Mwalimu afundishaye kisa cha kinyozi bila kusimama mahali hapo hafundishi sheria ya Warumi, anaipaka rangi. Na mwanafunzi asiyesimamishwa hapo atakuwa hakimu hodari wa kugawa lawama ambaye hajawahi kujiuliza ni nani aliyeachwa nje ya mlango.

Wale wanaotaka somo hili lifutwe watasema kwamba maneno yetu yawasaidia wao. Hayawasaidii. Sheria ya Warumi imekwisha kufukuzwa mara moja kwa amri, na yafaa kukumbuka ni nani aliyeifukuza. Chama cha Hitler kilipotangaza madai yake 25 mjini Munich, tarehe 24 Februari 1920, dai la 19 lilitaka sheria ya Warumi iondolewe na mahali pake iwekwe sheria ya Kijerumani. Walipokwisha kutwaa madaraka, somo hilo likapunguzwa katika vyuo kwa mtaala wa mwaka 1935. Fritz Schulz, profesa wa Berlin, ambaye mwaka 1934 alitoa kitabu juu ya misingi ya sheria ya Warumi, aliondolewa katika kazi yake na mwaka 1939 akapata kimbilio Oxford. Mwenzake Fritz Pringsheim alifukuzwa Freiburg, akatiwa kambini mwaka 1938, naye pia akakimbilia Oxford. Watawala wale hawakutaka kijana aisome sheria ambayo haikuzaliwa na taifa lao, kwa kuwa asomaye ya wengine hujifunza kuyapima ya kwao.

Walakini tusiseme zaidi ya ukweli. Sheria hiyo hiyo ina maneno yanayompa mtawala nguvu ya kutunga sheria kwa apendavyo, na wafalme wa Ulaya waliyatumia sana. Tena wako mabingwa wa sheria ya Warumi waliobaki Ujerumani wakaitumikia serikali ile. Elimu peke yake haimfanyi mtu kuwa mwadilifu.

Mfano wa Afrika ya Kusini watufundisha hilo kwa ukali zaidi. Waholanzi waliofika Rasi mwaka 1652 walikuja na sheria yao iliyochanganyika na ile ya Warumi. Sheria hiyo ikaenea hata Lesotho, Botswana, Swaziland ya zamani, Namibia na Zimbabwe. Gandhi, alipokuwa akisomea uwakili London kati ya mwaka 1888 na 1891, ilimpasa kufanya mtihani wa sheria ya Warumi, naye akaisoma kwa Kilatini chenyewe. Baadaye alieleza kwamba juhudi ile ilimfaa sana huko Afrika ya Kusini. Nchi ile ilikuwa na majaji waliozijua kanuni za Kirumi kwa undani kuliko wengi duniani. Je, kanuni hizo ziliizuia sheria ya pasi? Hazikuizuia. Bunge la weupe lilitunga, na mahakama zikatekeleza. Haishangazi basi kwamba katika miaka ya 1990, ubaguzi ulipoanguka, sharti la Kilatini kwa mawakili liliondolewa, na vyuo kadhaa vikapunguza somo la sheria ya Warumi. Kwa watu wengi lilinukia utawala uliopita.

Twaelewa hasira hiyo. Lakini mikataba, mali na fidia katika Afrika ya Kusini vingali vimesimama juu ya msingi ule, huku Katiba ya mwaka 1996 ikiwa juu ya vyote. Atakaye kuibadili nyumba hana budi aujue msingi wake. Asiyeujua atabomoa ukuta ulioshikilia paa na kuuacha ule uliooza.

Sasa yuko atakayetukumbusha methali nyingine: mwacha asili ni mtumwa. Atauliza, kwa nini tusiwafundishe vijana mila zetu badala ya mila za Roma? Twamjibu kwamba neno lake la "badala" ndilo lenye kosa. Mila zetu zifundishwe kwanza, tena kwa bidii. Lakini kumbukeni mkasi wa Tribonian. Wataalamu wamejua kwa muda mrefu kwamba watu wake waliyageuza maneno ya wajuzi wa kale. Mwaka 1816, huko Verona, Niebuhr aligundua kitabu cha Gaius chini ya barua za Mtakatifu Jerome, katika ngozi iliyokwanguliwa na kuandikwa upya. Na tangu hapo watu waliweza kukilinganisha na maneno ya Justinian na kuona palipokatwa. Somo hilo latufaa hapa hapa. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilitangaza kwa maandishi mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Mila iliyokuwa ikisemwa barazani, ikibadilika pole pole na watu, ikawa kifungu. Ni nani waliyesikilizwa ilipoandikwa? Ni nani aliyeachwa? Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza ilikataa kanuni iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Hakimu wa namna hiyo hapatikani kwa kufundishwa kwamba maandishi yalishuka toka mbinguni. Hupatikana kwa kufundishwa kwamba kila sheria, iwe ya Roma au ya kijijini, imeandikwa na mikono ya watu.

Hata wasiotawaliwa kamwe na Roma wameliona hilo. Wachina waliyafasiri maandishi ya Digesta kutoka Kilatini mpaka lugha yao wenyewe, wakayachunguza, kisha wakaandika mkusanyo wao wa sheria za kiraia ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Walijifunza kwa Mrumi, lakini hawakumwachia kalamu.

Basi shauri letu kwa walio na dhamana ya vyuo ni hili. Somo la sheria ya Warumi libaki, lakini liwe fupi na lenye nguvu. Muhula mmoja watosha kwa wote, na atakaye zaidi apewe nafasi. Lifundishwe kwa lugha aielewayo mwanafunzi, kwa kuwa Kilatini ni kazi ya mtafiti, si kizuizi cha mlango. Lifundishwe kwa visa, si kwa orodha ya makaisari. Liwekwe sambamba na elimu nyingine za sheria tulizo nazo: neno lenyewe amana tumelipata kwa Waarabu, na mafakihi wa Kiislamu nao wanafundisha kwamba mwenye kushika amana halipi isipokuwa amevuka mpaka au amezembea. Mwanafunzi aone vyuo viwili vikikaribiana katika hukumu moja kwa njia mbalimbali, ndipo atajua kwamba akili ya haki haina kabila moja.

Na juu ya yote, mtumwa wa kisa cha kinyozi asiondolewe darasani. Atajwe kila mwaka. Sheria iliyopima kwa ustadi kosa la mcheza mpira, kosa la kinyozi na kosa la mnyolewa aliyekufa, haikuona kwamba kosa kubwa kuliko yote lilikuwa lake yenyewe. Kijana atakayeliona hilo katika sheria ya Warumi atakuwa na jicho la kulitafuta katika sheria za nchi yake, hata zile zilizopitishwa jana.